Nani Huulizwa Mwendesha Baiskeli Anapouawa

Tarehe 11 Novemba 1965, huko Salisbury, Ian Smith alitangaza kwamba Rhodesia imejitoa katika utawala wa Uingereza. Wakulima wa Ilula, Ifunda, Chimala na Igurusi hawakuhusika kwa lolote na tangazo hilo, lakini ndilo lililowaletea malori mlangoni. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilikuwa ikipata mafuta yake kwa kupitia Rhodesia. Njia hiyo ilipozibwa, mapipa ya mafuta yakaanza kupakiwa kwenye malori bandarini Dar es Salaam, yakapita Morogoro, yakapanda mlima wa Kitonga, yakakatiza Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na kampuni ya Kiitalia, ziliunda Zambia Tanzania Road Services, na Fiat kubwa zenye tela zikawa kitu cha kila siku kwenye barabara ya udongo, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Waandishi wa nje waliibandika jina la njia ya jehanamu. Waliyemwonea huruma ni dereva, kwa kuwa ndiye waliyepanda naye.

Barabara hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya malori. Mji wa Mbeya ulianza mwaka 1927, na dhahabu ya Lupa ikaukuza katika miaka ya 1930. Vijana wa Rungwe walikwenda kuchimba Lupa, wengine wakavuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Vijana wa Ubena walisafiri mbali zaidi kwenda kukata mkonge Tanga. Aliyerudi na akiba ya maana alirudi na baiskeli. Ndiyo iliyopeleka mahindi mashineni na mgonjwa zahanati, ikatoa mchele wa Usangu mashambani hadi kandokando ya barabara kuu, na huko Iringa ikabeba madumu ya ulanzi asubuhi na mapema kabla haujachacha mno. Raleigh ya Kiingereza, na baadaye Phoenix ya Kichina, ilikuwa mali ya kurithishana. Mwenye nayo aliitia wivu mitaa mitatu.

Tena mwenye baiskeli alikuwa akilipa. Kwa miaka mingi halmashauri zilitoza kodi ya baiskeli, na mgambo walijua kumvizia asiyelipa siku ya gulio. Kodi hizo za kero zilipofutwa mwaka 2003, vizazi viwili vya waendesha baiskeli vilikuwa vimeshalipia haki ya kupita. Nalitaja hili kwa sababu hadi leo wapo wanaosema mwendesha baiskeli ni mgeni barabarani, mtu wa kupigiwa honi ashuke kwenye majani.

Sheria iliyomngoja dereva aliyeua ilitoka mbali. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Mwingereza ina kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, na ina kosa la kuendesha chombo kwa uzembe unaohatarisha maisha ya watu. Huko Uingereza kwenyewe waliona tatizo mapema. Wazee wa baraza walisita kumtia hatiani dereva kwa kosa zito la kuua, kwa kuwa wengi wao waliendesha magari na walijiona wao wenyewe pale kizimbani. Bunge lao likatafuta njia ya kati: sheria ya barabarani ya mwaka 1956 ikaleta kosa jipya la kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, kosa jepesi kuliko kuua na zito kuliko uzembe wa kawaida. Tanganyika nayo ikaliingiza kosa hilo katika sheria yake ya barabarani, Sura ya 168. Kwa hiyo tangu mwanzo kifo cha barabarani kilitengwa na vifo vingine. Anayeua kwa panga hushitakiwa chini ya sheria moja na anayeua kwa lori chini ya nyingine, na hiyo ya pili ilizaliwa kutokana na huruma kwa mwenye usukani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ilifika. Marekani ilikuwa miongoni mwa waliokopesha fedha za kuijenga, wakati Wachina wanajenga reli ya TAZARA upande wa pili wa mabonde yaleyale. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa limeshaanza kazi mwaka 1968. Mwaka 1973 Bunge likapitisha Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka huo, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni. Kifungu chake cha 40 ndicho kinachomhusu dereva anayemuua au kumjeruhi mtu kwa kuendesha ovyo, kwa kasi au kwa namna iliyo hatari kwa umma. Lami na sheria vilikuja karibu pamoja, na lami ndiyo iliyotangulia kueleweka.

Kwenye udongo lori lilijikongoja, na mwenye baiskeli alilisikia likiwa bado mlima wa pili. Kwenye lami linafika mgongoni kabla hajageuza shingo. Sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu, na magari yenye uzito wa zaidi ya tani tatu na nusu yasizidi 80 popote. Tofauti ya 50 na 80 inaonekana ndogo kwenye kibao, lakini nguvu ya kugonga huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Tena wahandisi waliichora barabara hiyo kwa ajili ya mizigo ya Zambia. Mabega yake ni membamba, sehemu nyingi yamemomonyoka hadi kingo ya lami ikawa kama ngazi, na mtu mwenye gunia la mkaa au madumu manne hawezi kuruka ngazi hiyo kwa ghafla bila kuanguka. Anayemlaumu kwa kung'ang'ania lami hajawahi kubeba mzigo huo.

Wakati huohuo vijiji vilisogea barabarani. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwataka watu wakae karibu na huduma, na barabara ilikuwa huduma ya kwanza. Ilula ikawa gulio la nyanya, Ruaha Mbuyuni la vitunguu, Igurusi na Chimala la mchele, Uyole njia panda ya ndizi na viazi kutoka Tukuyu. Halafu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikapanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na watu waliojiona wamejenga pembeni wakaambiwa wako ndani ya barabara. Nyumba zikapigwa alama ya X. Nafasi kubwa namna hiyo ikapatikana kwenye ramani, na bado kipande cha mita mbili cha kupitisha baiskeli hakikutengwa.

Sasa tuje kwenye kifo chenyewe, maana hapo ndipo historia hii ina uchungu wake.

Ajali kubwa tunazikumbuka kwa majina ya mahali. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, basi la Majinjah lililotoka Mbeya liligongana na lori, kontena likaliangukia basi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Katikati ya mwaka 2018 ajali zilifuatana Mbeya hadi Rais John Magufuli akahoji hadharani wahusika wanafanya nini. Waziri mpya wa Mambo ya Ndani, Kangi Lugola, akalivunja Baraza la Taifa la Usalama Barabarani mwezi wa Julai. Juni 2024 ikawa Simike, ndani ya Jiji la Mbeya: lori lilifumua magari mbele yake na watu 13 wakapoteza maisha. Juni 2025 ikawa mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, watu 28. Kila mara viongozi hufika, kamati huundwa, magari hukaguliwa kwa wiki kadhaa.

Mwendesha baiskeli hafi hivyo. Anakufa peke yake, saa kumi na mbili jioni, akirudi shambani au gulioni, na kifo chake hupata mistari mitatu katika taarifa ya kamanda wa polisi wa mkoa, kama kikipata. Mistari hiyo tunaijua kwa moyo: gari ambalo namba zake hazikufahamika mara moja, dereva alikimbia na anatafutwa, chanzo ni mwendokasi, au chanzo ni uzembe wa mwendesha baiskeli kuingia barabarani bila kuchukua tahadhari. Huyo anayesemwa kuwa mzembe hayupo kujieleza. Shahidi wa karibu kabisa mara nyingi ni utingo wa lori lilelile.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kuweka takwimu mbili za Tanzania upande kwa upande. Kwa mwaka 2016, vifo vya barabarani vilivyoripotiwa rasmi vilikuwa 3,256. Makadirio ya shirika hilo yalikuwa 16,252. Hata tukikubali kwamba makadirio yana utata wake, pengo la namna hiyo lina maelfu ya watu ndani yake: waliofia njiani kwenda hospitali ya wilaya, waliofia wodini wiki mbili baadaye, waliozikwa kijijini bila faili. Mwenye baiskeli wa Mbarali au Mufindi yuko ndani ya pengo hilo kuliko abiria wa basi, kwa sababu basi lina orodha ya abiria na baiskeli haina.

Madereva wanaokimbia wana hoja yao, na ni haki isikilizwe. Wanasema wakisimama watapigwa na wananchi wenye hasira, lori litachomwa. Yametokea. Lakini sheria inamtaka dereva asimame, atoe msaada na atoe taarifa, na hofu ya kupigwa inaweza kueleza kwa nini aendelee hadi kituo cha polisi kilicho karibu. Haielezi kwa nini aendelee hadi Tunduma. Hasira hiyo ya wananchi nayo ina chanzo. Watu walioona madereva wakikamatwa na kesho yake wakiwa barabarani tena hufika mahali wakaacha kuamini kwamba kesi ipo.

Na kuna lile neno linalofunga maswali yote: breki zimefeli. Mtu aliyewahi kuteremka Kitonga, Mlima Nyoka, Shamwengo kule Inyala au Iwambi akiwa nyuma ya semitrela anajua harufu ya breki zinazoungua. Lori lenye mzigo linapaswa kuteremka kwa gia ndogo, injini ndiyo ilishike. Dereva anayetaka kuokoa mafuta hutoa gia, huweka nyutro, analiachia gari liteleze kwa uzito wake, na breki peke yake ndiyo inabaki kulizuia. Inapata moto, inapoteza nguvu, na chini ya mlima kuna Mbalizi, kuna soko, kuna watoto wa shule na mtu wa guta. Breki ya namna hiyo haikufeli kama mvua inavyonyesha. Kuna mtu alichagua nyutro, kuna mwingine aliahirisha matengenezo, na yupo aliyepanga safari kwa saa ambazo haziwezi kutimia bila kukimbiza gari. Mpelelezi anayeandika breki na kufunga faili amewaacha wote hao nje.

Mahakamani mambo huenda haraka kuliko wafiwa wanavyodhani. Dereva anayekamatwa hupewa dhamana, na baadhi yao hukiri kosa siku ya kwanza. Mahakama inaweza kumfunga au kumtoza faini, na inaweza kumwondolea leseni. Mara nyingi mjane hayupo siku hiyo. Hakuna aliyemjulisha tarehe, na nauli ya kwenda makao makuu ya wilaya ni ya debe la mahindi. Anasikia baadaye kwamba faini imelipwa. Imelipwa serikalini.

Kabla ya hapo huwa wamekuja wazee. Tajiri wa gari hutuma mtu na jeneza, gunia la mchele, sanda, fedha za kuchimbia kaburi, na maneno mazuri ya kwamba ni kazi ya Mungu, tuyamalize kifamilia. Sidharau rambirambi. Kusaidiana msibani ni utu wetu, na kuna matajiri wa magari wanaofanya hivyo kwa moyo safi. Lakini karatasi inayosainiwa siku ya tatu ya msiba, na mtu asiyejua kusoma vizuri, mbele ya watu walioshiba hoja, isiitwe rambirambi. Ni kununua kimya, na bei yake ni ndogo sana.

Ubaya ni kwamba haki yenyewe ipo kwenye vitabu. Tangu enzi za Mwingereza kuna sheria inayowaruhusu wategemezi wa marehemu, yaani mume au mke, watoto na wazazi, kudai fidia kwa aliyesababisha kifo. Chimbuko lake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1846, wakati reli zilipokuwa zikiua watu kule. Kuna sheria ya bima ya magari inayomlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ni huyuhuyu mwenye baiskeli. Mwajiri huwajibika kwa uzembe wa dereva wake akiwa kazini. Na Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya jinai iliyokwisha kuwa ya mwisho ni uthibitisho wa kosa hilo katika kesi ya madai, hivyo dereva akishatiwa hatiani familia haianzi upya kuthibitisha kwamba alikosea. Vipande vyote vya kumfikisha tajiri na kampuni ya bima mbele ya haki vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha kijijini.

Uholanzi, nchi tunayoisifia baiskeli, ilikuwa pabaya vilevile. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika barabara zake, watoto zaidi ya 400 kati yao. Mmoja alikuwa Simone, binti wa miaka sita wa mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyegongwa akienda shule. Dereva alitozwa faini ya gilda 150. Baba aliandika makala kali kuhusu mauaji ya watoto barabarani, wazazi wakajitokeza, wakafunga mitaa, wakaenda na baiskeli hadi mlangoni kwa wabunge. Njia za baiskeli zikajengwa, na sheria yao ya barabarani leo inamweka dereva wa gari upande wa kujieleza: akimgonga mwendesha baiskeli analipa fidia, isipokuwa athibitishe kwamba ilikuwa haiwezekani kabisa kuepuka, na kama aliyegongwa ni mtoto wa chini ya miaka 14 hata kosa la mtoto halimpunguzii deni. Huko mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye tani za chuma. Kwetu uko kwa mjane.

Sioni sababu ya Tanzania kutofanya vivyo hivyo. Dar es Salaam, umoja wa waendesha baiskeli uitwao UWABA umekuwa ukidai njia za baiskeli kwa miaka mingi, kwa misafara na kwa hoja. Nyanda za Juu Kusini hazijawa na sauti kama hiyo, na wakati ni huu, kwa sababu barabara yenyewe inafumuliwa upya: kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29 kupita katikati ya Jiji la Mbeya, kinapanuliwa kuwa njia nne. Njia nne bila njia ya baiskeli ni mwendo mkubwa zaidi kwenye mji uleule, na watu walewale wa Uyole, Mafiati na Mbalizi watalazimika kuuvuka.

Kwa hiyo ombi langu ni la vitendo, na nalielekeza kwa yeyote anayeishi kandokando ya barabara hiyo, hasa watendaji wa vijiji, walimu, makatekista na mashehe, watu ambao msiba ukitokea huitwa wa kwanza. Andikeni namba ya gari na ya tela lake, kwa kuwa mara nyingi hazifanani, na majina ya walioona. Mtu akiwa bado hai, fomu ya polisi ya PF3 itafutwe bila kuchelewesha matibabu. Daini polisi namba ya kesi na muulize kuhusu PF90 na baadaye PF115, fomu ambazo kampuni ya bima itazitaka. Ulizeni gari limekatiwa bima na kampuni gani na mnakili jina lake. Mpelekeni mjane mahakamani siku ya kesi, mchangieni nauli kama mlivyochangia sanda. Na kama mtu wa tajiri amekuja na karatasi, pokeeni mchele, mshukuruni, na karatasi hiyo isisainiwe mpaka mwanasheria au msaidizi wa kisheria wa wilaya ameisoma.